Pikipiki Haiwaki? Weka Balbu Kwanza, CDI Baadaye

Pikipiki ikikataa kuwaka, swali la kwanza ni hili: starta inazunguka au haizunguki? Isipozunguka, ugonjwa uko kwenye njia ya betri, relei (swichi nzito inayoamshwa na kitufe) na mota ya starta. Ikizunguka vizuri, au ukapiga kiki na injini ikageuka bila kushika, hapo ndipo unaanza kutafuta moto wa plagi. Hizi ni shida mbili tofauti, na Nairobi huchanganywa kila siku. Betri haina nguvu hata ya kupiga honi, na mwenye pikipiki yuko kwenye maduka ya spea ya Kirinyaga Road anaulizia bei ya CDI, kisanduku kinachoamuru moto wa plagi.

Hakuna spea ya umeme inayonunuliwa bila sababu kama CDI. Sababu inaeleweka: ni kisanduku kilichomiminiwa gundi, hakifunguki, na ukikitazama huwezi kujua kama kizima au kimekufa. Kwa hiyo hubebeshwa kila lawama. Maduka mengi ya spea nayo hayarudishi kitu cha umeme kikishatoka kaunta, hivyo kila ukibahatisha unalipa. Kwenye pikipiki za kazi, zinazolala nje na kunyeshewa mvua ya Aprili na ya Novemba, mara nyingi kosa ni soketi iliyolegea, ethi (njia ya umeme kurudi kwenye nguzo hasi ya betri) iliyoshika kutu, swichi iliyoingia maji au waya uliokatika ndani ya ganda lake. CDI ishukiwe mwisho.

Mita ya umeme ni lazima uwe nayo, hata ile ya bei nafuu, lakini chombo kitakachokuokolea muda mwingi zaidi ni balbu ya indiketa: volti 12, wati 10, iliyochomewa kwa solda nyaya mbili za nusu mita, mmoja una klipu na mwingine una ncha kali. Mita haivuti umeme wowote wa maana. Ungio lililooza hadi likawa unga wa kijani bado litaipa mita volti 12 safi, nawe utaapa kwamba umeme unafika. Balbu ya wati 10 inavuta karibu ampea 0.8. Kwenye ungio hilo hilo itawaka hafifu kama sigara, au haitawaka kabisa. Swali si kama volti ipo. Swali ni kama volti inabaki pale kazi inapoanza. Balbu hii usiipeleke kwenye nyaya nyembamba za pulsa (kihisio kinachoiambia CDI wakati wa kurusha cheche) wala kwenye kompyuta ya pikipiki za injeksheni. Huko tumia mita.

Suala la petroli limalize haraka: koki imefunguliwa, mafuta yanafika kabureta. Piga kiki mara kadhaa kisha toa plagi. Ikiwa kavu kabisa, acha umeme, fuata mafuta. Ikiwa imelowa na inanuka petroli, mafuta yanafika na moto ndio haupo, au upo lakini dhaifu.

Sasa betri. Pikipiki nyingi za boda zina betri ya volti 12 yenye ampea-saa 5 hadi 9. Ikiwa imepumzika, betri iliyojaa inasoma karibu 12.7. Ikisoma 12.4 bado ina chaji, ila si kamili. Kwenye 12.0 imekaribia kuisha. Ikisoma kama 10.5 hata baada ya kuchajiwa usiku kucha, seli moja imekufa, kwa sababu betri hiyo ina seli sita za takriban volti 2.1 kila moja. Hiyo hairekebishwi kwa kuongeza maji wala asidi. Lakini kusoma betri iliyotulia ni nusu ya kipimo. Acha mita kwenye nguzo za betri ubonyeze starta. Volti ikibaki 10 au zaidi, betri iko sawa. Ikiporomoka chini ya 9, betri imechoka au haina chaji, hata kama sekunde moja kabla ilikuwa inasoma 12.6. Kuna betri nyingi za namna hiyo mjini, zinapendeza kwenye mita na kulala zikibonyezwa.

Ukichaji, tumia ampea ndogo: moja ya kumi ya ukubwa wa betri, yaani ampea 0.5 kwa betri ya ampea-saa 5. Chaja kubwa za gari huipika betri ndogo. Ukikopa umeme kwa nyaya kutoka kwenye gari, injini ya gari iwe imezimwa.

Betri nzuri, starta kimya. Bonyeza usikilize. Kama relei inagonga "tak" moja tu na hakuna kinachozunguka, umeme wa kuiamsha relei unafika, na shida iko kwenye nyaya nene, kwenye relei yenyewe au kwenye brashi za mota. Kama hakuna mlio wowote, shida iko upande wa swichi: kitufe cha starta, swichi ya klachi, swichi ya nyutro, na kwa baadhi ya pikipiki swichi ya stendi ya pembeni. Tazama taa ya nyutro kwenye dashibodi. Isipowaka wakati gia iko nyutro, vuta klachi ujaribu tena. Ikizunguka, swichi ya nyutro au waya wake umekatika.

Relei ina boliti mbili nene. Washa ufunguo, hakikisha gia iko nyutro na hakuna petroli inayovuja, kisha ziunganishe boliti hizo kwa bisibisi nene yenye mpini wa plastiki. Cheche zitaruka, usishtuke. Mota ikizunguka, relei au waya wake mdogo ndio mbovu. Isipozunguka, usikimbilie kufungua mota kabla ya kupima ethi. Weka ncha moja ya mita kwenye nguzo hasi ya betri na nyingine kwenye chuma cha injini palipo wazi, kisha bonyeza starta. Ikizidi volti 0.5, ethi inakula umeme wako. Fungua boliti ya ethi, piga msasa mpaka chuma king'ae pande zote mbili, kaza, kisha paka grisi juu. Chini ya boliti hiyo mara nyingi utakuta rangi: fremu ilipakwa upya, na aliyepaka hakuikwangua rangi pale ethi inapokaa.

Starta inazunguka lakini injini haishiki. Pima moto kwa plagi ya akiba. Ivae kofia ya plagi, ilaze juu ya kichwa cha injini ili uzi wake uguse chuma vizuri, na plagi ya zamani ibaki imefungwa kwenye tundu lake ili mvuke wa petroli usitoke ukashika moto. Funika kwa koti kama jua ni kali, kwani mchana cheche hafifu haionekani. Piga kiki kwa nguvu. Cheche nene ya rangi ya samawati inayolia "tik" inatosha. Ya machungwa, nyembamba, inayokuja na kupotea, haitoshi: ikiwa ndani ya injini yenye mgandamizo itashindwa. Usipime kwa kuuacha waya wa koili (kifaa kinachopandisha volti za plagi) ukining'inia bila plagi. Umeme ukikosa njia ya kutokea hutoboa koili kwa ndani, na hapo utakuwa na ugonjwa ambao hukuwa nao.

Moto ukiwa hafifu, anza na kofia ya plagi. Nyingi zina kizuizi cha omu 5,000 hivi ndani. Ifungue kwa kuizungusha, ipime kutoka mwisho hadi mwisho. Ikisoma makumi ya maelfu, au isiposoma kitu, tupa. Kata milimita 5 za mwisho wa waya wa koili upate shaba mpya kisha uzungushie kofia tena. Jambo hili la dakika tano hufufua pikipiki nyingi zilizooshwa kwa mashine ya presha asubuhi na kukataa kuwaka mchana. Maji yameingia kwenye kofia, moto unapitia majini kwenda kwenye chuma badala ya kuruka kwenye plagi. Pengo la plagi nalo lisipuuzwe. Pikipiki nyingi ndogo hutaka kati ya milimita 0.6 na 0.8, na kitabu cha pikipiki yako ndicho kina neno la mwisho.

Moto usipokuwepo kabisa, lazima ujue CDI yako ni ya aina gani, kwa sababu mafundi wawili wanaweza kubishana kutwa nzima kila mmoja akizungumzia mfumo wake. Kuna CDI inayokula umeme wa betri na kuna inayokula umeme wa koili yake maalumu ndani ya magneto, jenereta inayozungushwa na injini. Toa fyuzi kuu, washa ufunguo, piga kiki ukitazama plagi. Moto ukija bila fyuzi, CDI yako inalishwa na magneto na haijali betri. Jaribio hili linafaa zaidi kufanywa wakati pikipiki ni nzima, ujiandikie jibu kwenye karatasi chini ya kiti.

Kwa ile inayolishwa na betri, chomoa soketi ya CDI, washa ufunguo, na uweke balbu yako kati ya tundu la umeme na tundu la ethi la soketi hiyo hiyo. Usitumie ethi ya fremu. Kwa kugusa matundu mawili ya soketi umepima umeme na ethi kwa pamoja. Balbu iwake kwa nguvu sawa na ukiigusisha betrini. Ikiwaka hafifu, rudi nyuma hatua moja moja: swichi ya kuzimia injini kwenye mkono wa usukani, kisha swichi ya ufunguo, kisha fyuzi. Mahali ambapo balbu inang'aa upande mmoja na kufifia upande wa pili ndipo ulipo ubovu. Iache balbu pale na ubonyeze starta pia. Kuna pikipiki ambayo starta inazunguka, moto hauji, halafu injini inashika ghafla pale unapoachilia kitufe. Hiyo si CDI hata kidogo. Betri imechoka, starta inanyang'anya umeme wote, na CDI inapata pumzi pale tu starta inaponyamaza.

Kwa ile inayolishwa na magneto, mambo ni kinyume, na hapa wengi hupotea. Swichi ya ufunguo haiipi CDI umeme. Kazi yake ni kuizima kwa kuunganisha waya mmoja na ethi. Ukitafuta volti 12 kwenye soketi hiyo hutaipata, na utahukumu kitu kizima. Pikipiki nyingi za Kichina zenye CDI ya pini tano hufuata rangi za Honda: kijani ni ethi, nyeusi yenye mstari mweupe ni waya wa kuzima, nyeusi yenye mstari mwekundu inatoka koili ya magneto, bluu yenye mstari mweupe inatoka pulsa, na nyeusi yenye mstari wa njano inakwenda koili ya plagi. Za Kihindi zina rangi zake, na pikipiki iliyopitia mikono ya mafundi wengi ina rangi za yeyote aliyekuwa na waya siku hiyo, kwa hiyo fuata waya kwa mkono kabla ya kuamini rangi. Chomoa ule mweusi wenye mstari mweupe na upige kiki. Moto ukirudi, CDI ni nzima, na swichi ya ufunguo au ya kuzimia imeingia maji au imekwama. Kumbuka tu kwamba ukiwa umeuchomoa injini haitazimika kwa ufunguo.

Bado hakuna moto? Pima koili ya magneto, kutoka waya wake hadi ethi: kwenye pikipiki hizi hutoa mamia ya omu. Pulsa nayo huwa kati ya omu 100 na 200 hivi. Kusoma sifuri au kutosoma chochote ni dalili ya kifo. Kisha pima koili ya plagi. Upande wa kuingilia husoma chini ya omu 1 au zaidi kidogo, na upande wa plagi, bila kofia, maelfu kadhaa. Mita ya bei nafuu haiaminiki kwenye namba ndogo, kwa hiyo gusanisha ncha zake kwanza. Ikionyesha 0.6 hapo, toa 0.6 kwenye kila utakachosoma. Kama vitatu hivyo viko sawa, umeme na ethi vinafika na waya wa kuzima umeachwa huru, sasa una haki ya kuishuku CDI. Hata hapo, azima moja ya pikipiki ya aina hiyo hiyo stejini, ifunge kwenye yako dakika mbili, uone, kabla hujatoa pesa mfukoni.

Nyaya zenyewe zinastahili macho zaidi ya spea zote. Pahali pabaya kuliko pote ni shingoni, pale nyaya zinapopita kutoka kwenye fremu kwenda kwenye usukani. Kila kona zinapindwa, na kwa boda anayepenya katikati ya magari Jogoo Road kona haziishi. Ganda hubaki zima huku shaba ikikatika ndani. Kwa CDI ya betri, washa ufunguo, balbu ikiwa kwenye soketi ya CDI, geuza usukani mpaka mwisho kushoto kisha kulia. Ikizimika upande mmoja, umefika. Shika waya mmoja mmoja kwa vidole viwili, sentimita chache kutoka kwa kimoja hadi kingine, uvute taratibu. Waya mzima hautanuki. Ule uliokatika ndani unanyumbuka, na ganda linakuwa jembamba katikati kwa sababu lililobaki hapo ni plastiki tupu. Ukikata sehemu hiyo utakuta shaba nyeusi iliyokauka. Rudi nyuma mpaka upate shaba nyekundu inayong'aa, la sivyo solda haitashika.

Kuungia kwa kusokota na kufunika kwa tepu nyeusi kunafaa kukufikisha nyumbani tu. Tepu inalainika kwa joto la injini, gundi inateleza, maji yanaingia. Tumia solda na mpira unaosinyaa kwa joto, na ungio usiliweke pale waya unapopindwa.

Kuna ugonjwa wa miaka hii ambao mafundi wa zamani hawakuujua. Pikipiki nyingi zilizonunuliwa kwa mkopo zina traka yenye relei inayokata umeme wa kuwashia. Deni likichelewa, pikipiki inalala palepale. Kabla ya kufungua kiti, angalia simu kama malipo yamepita. Imewahi kuwa ndiyo "CDI mbovu" ya watu wengi kuliko wanavyokubali. Kama malipo yako sawa, ungio la traka bado ni la kushukiwa, hasa lililofungwa kwa kusokota chini ya kiti mahali maji yanapopita. Usiruke relei hiyo mwenyewe, maana mikataba mingi huhesabu hilo kuwa kuvunja makubaliano. Waite waliofunga, uwaonyeshe kwa balbu kwamba umeme unaingia na hautoki. Traka pia hunywa betri usiku. Weka mita kwenye ampea, kati ya nguzo hasi na waya wake, ufunguo ukiwa umezimwa, na starta usiiguse. Kifaa kinachovuta ampea 0.05 humaliza betri ya ampea-saa 5 kwa saa 100, siku nne na ushee. Pikipiki iliyolala wiki nzima mwenyewe akiwa ameenda ushago haina ajabu ikirudi kimya.

Fyuzi inayoungua kila mara usiizibe kwa karatasi ya sigara wala kipande cha waya. Ukifanya hivyo, fyuzi sasa ni waya wote chini ya tangi. Chukua balbu ya breki ya wati 21 uiweke mahali pa fyuzi. Ikiwaka kwa nguvu zote, kuna waya unagusa chuma, na balbu inauzuia usipitishe zaidi ya ampea 1.75, kwa hiyo hakuna kitakachoungua ukiendelea kutafuta. Chomoa taa ya nyuma, honi, swichi ya breki, chaja ya simu, kimoja baada ya kingine. Balbu ikififia au kuzimika ghafla, ulichochomoa mwisho ndicho mkosaji. Wa kwanza kuangaliwa ni waya wa taa ya nyuma. Ukibeba abiria wawili na gunia, tairi hupanda na kuusugua chini ya madigadi.

Pikipiki inayozima ikipata joto kwenye jam ya Thika Road, kisha ikawaka yenyewe baada ya nusu saa, ipimwe hapo hapo ilipozimia. Koili ya plagi au pulsa yenye mpasuko hushikana ikiwa baridi na kuachana ikipanuka kwa joto, kwa hiyo gerejini asubuhi kila kitu kitasoma sawa na mtapelekana bure. Kama huwezi kupima barabarani, ichome koili kwa blo draya mpaka mkono usivumilie, mita ikiwa imeunganishwa, uone namba ikiruka.

Ukishaiwasha usiondoke bado. Zungusha injini kasi ya kati, pima betri: kati ya volti 13.5 na 14.5 regyuleta (kidhibiti cha chaji) na magneto viko kazini. Ikizidi 15, regyuleta imekufa na itachemsha betri mpya uliyonunua jana. Ikibaki chini ya 13, chomoa soketi ya nyaya za njano zinazotoka kwenye magneto. Zikiwa tatu, zote zisome sawa kwa sawa, sehemu ya omu au zaidi kidogo, na usiwepo hata mmoja unaogusana na ethi. Itazame soketi yenyewe pia. Plastiki iliyoyeyuka na kugeuka kahawia pembeni ya pini moja inamaanisha pini hiyo imekuwa ikipika kwa muda, na regyuleta mpya kwenye soketi ile ile haitakaa mwezi. Taa za ziada za LED nazo zihesabiwe: mbili za wati 20 na chaja ya wati 10 ni ampea 4 na kitu, na kwenye jam, injini ikiwa sailensa (ikizunguka polepole bila kuongezewa mafuta), magneto ya pikipiki ndogo haifikishi hizo pamoja na taa ya mbele. Ziwekee swichi yake, zizimwe ukisimama.